Nyota Njema Si Lazima Ionekane Asubuhi

Maswali na majibu kuhusu namna vijana wanavyopimwa kabla ya drafti ya mpira wa Australia

Kila Novemba, klabu 18 za AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia, hugawana vijana wanaotoka kwenye mashindano ya chini ya miaka 18. Jioni moja hubadili maisha ya kijana na ya nyumba nzima. Siku hizi miongoni mwa nyumba hizo zimo zinazozungumza Kiswahili: familia zilizofika Melbourne, Brisbane, Adelaide na Perth kutoka Kongo, Burundi na Kenya, ambazo watoto wao wameukuta mchezo huu shuleni. Haya ni maswali ambayo mzazi au kijana angependa kujibiwa kabla ya siku hiyo.

Kwa anayeuona kwa mara ya kwanza, mchezo huu ukoje?

Timu mbili za wachezaji 18 hukutana kwenye uwanja wa duara refu, mara nyingi uwanja uleule wa kriketi, wakigombea mpira wenye umbo la yai. Mpira hupigwa kwa mguu au hutolewa kwa ngumi. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Anayekimbia nao lazima audundishe au auguse chini kila mita 15. Anayedaka mpira uliopigwa kutoka mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kila upande una nguzo nne. Mpira wa mguu ukipita kati ya zile mbili ndefu ni goli, pointi 6; ukipita pembeni, pointi 1. Hakuna kuotea, hivyo mpinzani anaweza kukutokea mbele, nyuma au ubavuni. Kumbuka hilo, maana ndilo linalomwelekeza msaka vipaji atazame nini.

Drafti yenyewe inaendeshwaje?

Ilianza mwaka 1986 ili klabu tajiri zisizoe vijana wote wazuri. Timu iliyoshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, kisha raundi huanza upya. Klabu huweza kubadilishana nafasi zao. Kijana lazima awe ametimiza au atatimiza miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Katika miaka ya karibuni, wanaochaguliwa ni kama 60 hadi 70 tu kwa nchi nzima, na hawachagui klabu: mtoto wa Perth anaweza kujikuta Melbourne, safari ya saa kadhaa kwa ndege.

Zipo njia za pembeni. Baba akiwa amechezea klabu mechi 100 au zaidi, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe, mradi ilipe kwa pointi za drafti, yaani kwa thamani ya nafasi zake za kuchagua. Ndivyo Nick Daicos alivyofika Collingwood mwaka 2021, klabu ya baba yake, Peter. Wasichana nao wana ligi yao, AFLW, tangu 2017, na drafti yao.

Wasaka vipaji huwatazamia wapi vijana hawa?

Kwenye ligi za vijana za Victoria, Australia Kusini na Australia Magharibi, kwenye mechi za shule, na hasa kwenye mashindano ya taifa ya chini ya miaka 18, ambayo mchezaji wake bora hupewa Medali ya Larke. Hapo timu za majimbo hukutana, na kijana aliyekuwa mfalme kwenye ligi ya kwao hupambana na wafalme wenzake. Msaka vipaji makini hamhukumu kijana kwa mechi moja. Humtazama kwenye jua na kwenye tope, timu yake ikishinda na ikichapwa.

Vipimo vya mwili vina uzito gani?

Mwanzoni mwa Oktoba, vijana wanaoangaliwa zaidi huitwa kwenye kambi ya vipimo: mbio za mita 20, kukwepa vizuizi, kuruka juu, mbio za kilomita 2, uchunguzi wa daktari na mahojiano na klabu.

Hebu tusogee karibu. Ukumbini umesimama mlingoti wenye vibao vyembamba vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kijana anasimama chini yake, anachuchumaa, anaruka na kuvipiga kwa ncha za vidole. Vilivyogeuka vinahesabiwa, sentimita zinaandikwa, naye anampisha mwenzake. Kazi imekwisha kabla mzazi hajamaliza kuvuta pumzi. Kwenye mita 20, anayekwenda chini ya sekunde 2.9 ni mwepesi kwelikweli. Kwenye kilomita 2, anayekaribia dakika 6 ana pumzi ya kutosha.

Vipimo hivi vina faida: vinaweza kumfichua kijana wa kijijini ambaye hakuonekana sana, na vinaonyesha mahali pa kurekebisha. Lakini kasi ya mita 20 hupimwa kwenye mstari ulionyooka, hakuna anayekukaba wala mpira unaodunda kushoto ulipotarajia kulia. Mimi ningevitumia kuthibitisha nilichokwisha kukiona uwanjani. Klabu inayoanza na saa kisha ikaenda kumtafuta mchezaji imeanzia mwisho.

Basi uwanjani unatazama nini kwanza?

Shingo. Ndiyo, shingo. Mtazame kijana sekunde mbili kabla mpira haujamfikia. Je, amegeuka kuangalia bega la kulia na la kushoto? Katika mchezo usio na kuotea, asiyejua nyuma yake kuna nani atakamatwa tu, hata awe na mbio za swala. Anayegeuza shingo amekwisha kuamua pa kuupeleka mpira kabla hajaushika.

Cha pili ni mikono. Mpira wa umbo la yai ukiwa umelowa huteleza kama sabuni. Yupo kijana anayeinama mara moja akauokota. Yupo anayeugusa, ukamponyoka, akaufukuza tena. Tofauti ya nusu sekunde hiyo haionekani sana kwenye mechi za vijana, lakini kwa watu wazima ndiyo tofauti ya kucheza na kukaa benchi.

Cha tatu ni miguu yote miwili. Mpinzani mwerevu atakusukumia upande wako dhaifu mechi nzima. Anayepiga kulia na kushoto hazuiliki kwa hila hiyo.

Cha nne, na kwangu ndicho kikubwa, ni juhudi ya pili. Tazama hali hii: kijana amepiga pasi, imenaswa, mpinzani anaondoka na mpira. Mmoja atashika kiuno na kutazama mbingu. Mwingine atageuka papo hapo, akimbie mita 40, amfikie yule mtu na kumkaba. Huenda asimpate. Msaka vipaji ataandika jina lake hata hivyo, kwa sababu kocha hawezi kumfundisha mtu kutaka.

Takwimu je? Mwanangu hugusa mpira mara 30 kwa mechi.

Hongera kwake, lakini tujiulize aliupataje. Kuna mpira unaopewa ukiwa peke yako, na kuna unaoutoa katikati ya miili sita iliyolundikana. Huo wa pili ni wa thamani zaidi, maana kadiri ligi inavyopanda, nafasi ya kuwa peke yako hupungua. Kisha tuulize uliishia wapi. Kijana aliyegusa mara 15, kila mguso ukamfungulia mwenzake njia ya goli, amecheza vizuri kuliko aliyegusa mara 30 akirudisha nyuma.

Kijana mfupi ana nafasi?

Anayo. Caleb Daniel ana urefu wa sentimita 168. Mwaka 2014 alitwaa Medali ya Larke, yaani alikuwa bora kuliko vijana wote kwenye mashindano ya taifa, lakini alichaguliwa nafasi ya 46. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa na Western Bulldogs. Urefu wake ulionekana kwa kila mtu. Ubora wa mguu wake, ambao ndio uliompa ubingwa, ulihitaji macho yenye subira.

Urefu una kazi yake, hasa kwa mrukaji wa kati anayegombea mpira unaporushwa juu na kwa walinzi na washambuliaji wakubwa. Ila warefu huchelewa kuiva. Mwili wa sentimita 200 haujifunzi kujiendesha kwa msimu mmoja, na klabu inayomchukua iwe tayari kungoja miaka.

Umri unaathirije tathmini?

Sana, kuliko wengi wanavyodhani. Wawili wako kwenye drafti moja: mmoja amezaliwa Januari, mwingine Desemba. Siku ya kuchaguliwa mmoja anakaribia miaka 19, mwenzake hajafika 18. Mwaka mzima mwilini mwa kijana wa umri huo ni mifupa, misuli na pumzi. Wa Januari huwasukuma wenzake kama watoto, akaonekana jabali. Ila baada ya miaka mitatu wote watakuwa wamekua, na ile faida itakuwa imeyeyuka.

Ndiyo maana swali langu kwa kila kijana ni hili: wenzake wakishamfikia kwa kimo na nguvu, atabaki na nini? Aliyelazimika kutumia akili kwa sababu hakuwa na misuli atabaki na akili, na misuli itamfuata.

Jeraha linaharibu kila kitu?

Hapana. Joel Selwood aliumia goti na kukosa sehemu kubwa ya msimu wa 2006. Klabu sita zilichagua wengine. Geelong ikamchukua nafasi ya 7. Alikuwa nahodha wao kwa miaka mingi na akatwaa ubingwa mara nne: 2007, 2009, 2011 na 2022. Jeraha ni swali la daktari: limepona vipi, na hatari ya kurudi ni kiasi gani? Ukweli wake ukijulikana, lisifute miaka yote ambayo kijana alionekana akicheza.

Kwenye mahojiano klabu hutafuta nini?

Hutafuta mtu anayejijua. Mwulize kijana udhaifu wake. Anayesema hana, mwogope. Anayesema, "Mguu wangu wa kushoto ni mbovu, nami hubaki baada ya mazoezi kupiga mipira 50," huyo anafundishika. Klabu pia huwauliza walimu, makocha wa utotoni na watunza uwanja: huwahi? Huokota koni baada ya mazoezi? Hushukuru? Kijana huyu ataondoka kwao akiwa na miaka 18 na kuishi mbali na mama yake, kwa hiyo malezi ya nyumbani ni sehemu ya kipaji chake.

Pamoja na haya yote, kwa nini klabu hukosea?

Kwa sababu tumezoea kusema nyota njema huonekana asubuhi. Katika mchezo huu, nyingine huonekana adhuhuri. Chukua drafti ya 2001. Watatu wa kwanza, Luke Hodge, Luke Ball na Chris Judd, wote walistahili sifa walizopewa. Lakini nafasi ya 36 alikuwepo Sam Mitchell, ambaye mwaka uliotangulia hakuna klabu iliyomtaka; alikuja kuwa nahodha wa mabingwa wa 2008, Hawthorn. Nafasi ya 58 alikuwepo Dane Swan, aliyetwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, mwaka 2011. Mwaka huohuo wa 2011, nafasi ileile ya 58, alichaguliwa Lachie Neale. Naye ametwaa Brownlow mara mbili, 2020 na 2023.

Hawa hawakuwa wamejificha. Walichezea mbele ya macho ya watu. Waliotazama waliona alichokosa kijana, hawakuona alichonacho.

Mtoto wetu aliujua mpira huu akiwa na miaka 13. Amechelewa?

Hajachelewa. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Hakukulia kwenye mchezo huu kama wenzake. Sydney walimchagua nafasi ya 44 mwaka 2013, na mechi yake ya kwanza ya ligi ikaja 2016. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, alitajwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima.

Aliyeanza kwingine huja na mali yake. Kudaka hewani hufanana na kuruka kwenye mpira wa kikapu. Kusoma nafasi hujengwa pia na soka. Kinachomkawiza ni mguu: kupiga mpira wa umbo la yai ni ufundi wa maelfu ya marudio. Basi mpe mpira alale nao, aupige ukutani, bustanini, kila siku. Na msaka vipaji wa haki amlinganishe na alivyokuwa mwaka jana, si na aliyeanza akiwa na miaka 5.

Na asipochaguliwa?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ipo drafti ya nyongeza, na tangu 2019 ipo tena drafti ya katikati ya msimu. Kwa njia hiyo Richmond walimchukua Marlion Pickett akiwa na miaka 27. Mechi yake ya kwanza ya AFL ilikuwa fainali kuu ya 2019, na akaondoka na medali ya ubingwa.

Kwa hiyo, mzazi, usiku ule wa Novemba mkiwa mbele ya televisheni, majina yakasomwa na la mwanao lisitajwe, usimwache alale akidhani amehukumiwa. Mwambie ukweli: wameupima mwili ambao haujamaliza kukua. Asubuhi mwamshe mapema, mpe chai, kisha mkumbushe mpira uko wapi.