Unayechangia irondo una haki ya kuhoji

Kila mwezi, katika mitaa ya Nyamirambo, Kimironko na Gikondo, kaya hutoa ada ya irondo ry'umwuga, ile doria ya usiku inayofanywa na walinzi wa mtaa wanaolipwa. Mchango hupokelewa, jina huwekwa alama, na usiku walinzi hupita na tochi na virungu vyao. Wakazi wengi wa Kigali wanaujua wajibu huu vizuri: kulipa, kutoa taarifa kuhusu mgeni asiyejulikana, kuhudhuria kikao cha umudugudu, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Wachache sana wanajua kwamba wajibu huo una upande wa pili. Anayechangia usalama kwa fedha, kwa macho na kwa muda wake ana haki ya kuuliza usalama huo unaendeshwaje, nani ana mamlaka ya kumshika mtu, na anayevunja mipaka anawajibishwa wapi. Haki hiyo imo katika sheria za Rwanda tayari. Inachokosa ni watu wa kuitumia.

Tuanze na tofauti ambayo husahaulika. Kushirikishwa katika ulinzi ni jambo moja. Kuusimamia ulinzi ni jambo jingine. Kwa kushirikishwa, Rwanda imefika mbali. Polisi ya taifa iliundwa mwaka 2000 kwa kuunganisha jandarmeri, polisi ya komuni na polisi ya upelelezi, na tangu mwanzo ilijijenga juu ya ushirikiano na raia. Kamati za polisi jamii zimewekwa katika ngazi za chini za utawala, na usalama huzungumzwa katika mikutano inayofuata umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Matunda yake yanaonekana: katika tathmini za utawala zinazotolewa na Bodi ya Utawala ya Rwanda, nguzo ya usalama imekuwa ikipata alama za juu mwaka baada ya mwaka. Lakini taarifa katika mfumo huu hupanda zaidi kuliko inavyoshuka. Raia ni macho na masikio ya dola, na ni mara chache anapewa nafasi ya kuwa mkaguzi wake. Hapo ndipo sheria inapomhitaji aamke.

Haki ya kwanza inahusu kukamatwa. Wengi hudhani kila mwenye sare au koti la kung'aa ana mamlaka sawa, na dhana hiyo ndiyo mlango wa maonevu mengi. Mlinzi wa irondo ni raia. Akimfumania mtu akitenda kosa anaweza kumshika, kama raia yeyote awezavyo, mradi amkabidhi kwa polisi au wapelelezi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kumhoji, kumtoza faini wala kumlaza ofisini. DASSO, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013 na kuchukua nafasi ya kikosi cha Local Defence, kazi yake ni kuisaidia wilaya katika usalama. Upelelezi wa makosa ya jinai ni kazi ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 2019 inataka mshukiwa azuiliwe katika mahabusu inayotambuliwa tu, kwa hiyo chumba cha nyuma cha ofisi ya akagari, ngazi iliyo juu ya umudugudu, si mahabusu, hata kwa usiku mmoja. Mpelelezi hawezi kumshikilia mtu zaidi ya siku 5 kabla ya suala lake kufika kwa mwendesha mashtaka. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa kosa analotuhumiwa kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017. Ana haki ya wakili na ya kujulisha jamaa zake. Basi ndugu yako akichukuliwa, uliza maswali matatu: anatuhumiwa nini, amepelekwa wapi, na maandishi ya kukamatwa kwake yanaonyesha saa ngapi. Saa ndiyo muhimu kuliko yote, maana zile siku 5 huhesabiwa kuanzia alipokamatwa, hata kama faili lilifunguliwa baadaye.

Haki ya pili inahusu fedha na taarifa. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kupata taarifa inampa kila mtu haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na Ofisi ya Umuvunyi (Ombudsman) imepewa kazi ya kufuatilia utekelezaji wake. Kwa mkazi wa Kigali hili lina maana ya karibu kabisa. Una haki ya kuuliza umudugudu wako umekusanya kiasi gani cha ada ya irondo mwezi huu, walinzi wangapi wamelipwa, na wale wasiolipwa wanadai miezi mingapi. Mlinzi asiyelipwa ni hatari kwa mtaa mzima, kwa kuwa atatafuta mshahara wake kwa mchuuzi wa ndizi na kwa kijana aliyechelewa kurudi kutoka kazini. Kwa hiyo kuuliza hesabu ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Dai risiti kila unapolipa, na uliza swali lako kwenye inteko y'abaturage, yaani mkutano wa wakazi, mbele ya wenzako, ili jibu liwe la wote.

Haki ya tatu ni kulalamika na kusikilizwa. Aliyedhulumiwa na polisi anaweza kupiga 3511, namba ya bure ya kuripoti afisa aliyevuka mipaka. Kosa likiwa la jinai, kama kipigo au rushwa, mlango ni RIB, kwa namba 166 au katika kituo kilicho karibu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kabla ya sheria ya mwaka 2017 iliyoiunda RIB, upelelezi ulikuwa ndani ya polisi yenyewe, na aliyemlalamikia polisi alikuwa akimshtaki kwa wenzake. Leo anayechunguza na anayechunguzwa hawako chini ya kamanda mmoja. Zaidi ya hapo kuna Umuvunyi na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na katika kila wilaya kuna ofisi ya MAJ inayotoa ushauri wa sheria bila malipo. Lalamiko lenye nguvu huandikwa mapema: siku, saa, mahali, jina au namba iliyo kwenye sare, majina ya mashahidi, na cheti cha daktari kama kuna jeraha. Mateso ni kosa ambalo sheria ya adhabu ya mwaka 2018 imeliwekea kifungo cha miaka 20 hadi 25, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kipigo cha kituoni ni jambo dogo.

Je, kulalamika kunasaidia? Mwaka 2020, wakati wa amri ya kukaa nyumbani kwa sababu ya Uviko-19, wakazi wa Kangondo, wilayani Gasabo, walieleza hadharani jinsi wanajeshi waliokuwa doria walivyowapiga, kuwapora na kubaka wanawake. Mwanzoni mwa Aprili jeshi lilitangaza kuwakamata washukiwa, na suala likafika mahakama ya kijeshi. Mwezi uliofuata, video ya kipigo katika sekta ya Cyuve, Musanze, ilisambaa, na RIB ikawakamata viongozi wa eneo pamoja na askari wa DASSO. Kumbe mamlaka husikia raia anaposema kwa sauti na kwa ushahidi. Lakini pia tukiri udhaifu ulio katika mifano hiyo miwili: kilichofungua mlango ni vyombo vya habari na simu iliyokuwa imewashwa. Haki ya mtu isitegemee kama jirani alikuwa na chaji.

Kuna wanaosema kwamba maswali haya yanadhoofisha usalama, tena katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hoja hii inastahili heshima, na jibu lake limo katika historia hiyohiyo. Vizuizi vya barabarani vya 1994 vilishikwa pia na raia, wengine wakiwa majirani, waliopewa mamlaka ya kusimamisha watu na kudai vitambulisho bila yeyote wa kuwazuia. Nchi iliyoonja matunda ya mamlaka ya mtaani yasiyohojiwa ina sababu kubwa kuliko nyingine yoyote ya kutaka kila mwenye kirungu awe na mipaka, na kila mpaka uwe na mlinzi wake.

Wengine husema taasisi hizi zote ni za serikali ileile, hivyo lalamiko huishia kabatini. Ni kweli kwamba Rwanda haina chombo cha kiraia kilichoundwa mahsusi kwa ajili ya polisi, kama ile mamlaka huru ya usimamizi, IPOA, ambayo Kenya iliiunda kwa sheria ya mwaka 2011 ichunguze vifo na majeraha makubwa yanayosababishwa na polisi. Ni kweli pia kwamba Oktoba 2017 kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia mateso ilisitisha ziara yake Rwanda kwa kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikabidhiwa kazi ya kukagua mahali watu wanapozuiliwa ili kuzuia mateso. Upungufu huu ni sababu ya kudai chombo huru, na wala hautupi ruhusa ya kunyamaza. Bunge haliwezi kupima ukubwa wa tatizo ambalo halijaandikwa popote, na kila lalamiko lililopokelewa na kupewa namba ni ushahidi kwamba chombo hicho kinahitajika.

Woga ndio kikwazo kikubwa. Sheria ya mwaka 2017 ya kuwalinda watoa taarifa inataka jina la mtoa taarifa lihifadhiwe na inakataza kumlipizia kisasi. Hata hivyo sheria humlinda vizuri zaidi asiyesimama peke yake. Nendeni watu watatu au wanne, mwombe nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na muulize majibu yatatoka lini. Na katika inteko ijayo ya umudugudu wako, usalama ukitajwa, simama uulize swali moja tu: mwezi huu malalamiko mangapi yamepokelewa dhidi ya walinzi wetu, na yameishia wapi? Uliza tena mwezi ujao, mpaka jibu lizoeleke kusomwa pamoja na hesabu ya ada.