Mdogo Wangu, Anza na Stuli

Haya wadogo zangu, sogeeni tuongee. Siku hizi swali linalonijia sana ni moja, ila kila mtu analivalisha nguo yake: "Dada, nataka kujifunza 3D, nianzie wapi?" Mmoja yuko chuoni anasomea usanifu majengo. Mwingine ni seremala, amechoka kuwachorea wateja kabati kwa penseli nyuma ya risiti. Na yupo aliyeangalia Flow, ile filamu ya paka na mafuriko, akasikia imetengenezwa kwa programu ya bure, tangu hapo hapati usingizi.

Huyo wa filamu hakudanganywa. Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Blender ni bure kweli, si ile bure ya siku 30 halafu unadaiwa. Ilianzia Uholanzi mwaka 1994, kazi ya Ton Roosendaal. Kampuni iliyokuwa ikiisimamia ilipoanguka mwaka 2002, watumiaji wakafanya harambee, wakachanga euro 100,000 kwa muda wa wiki chache tu, na programu ikawekwa huru kwa kila mtu. Kwa hiyo ukikutana na kijana anayeuza kwenye flashi programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, mwambie asante na uende zako. Utanunua virusi na hutapata hata msaada.

Sasa tuje kwenye kinachowakwamisha. Wengi mmeshaangalia masomo ya kutengeneza donati kwa Blender ya Mwaustralia mmoja, Andrew Price. Ni mwalimu mzuri na amefundisha watu wengi mno. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wewe unayetazama donati ikiiva ukiwa umejilaza, simu juu ya kifua, kisha unaniandikia kwamba umejifunza. Tena donati ina hila yake: ikipinda bado ni donati. Hutajua umekosea wapi kwa sababu hakuna anayejua donati sahihi ina upana gani. Ndiyo maana nasema chagua kitu kilichomo nyumbani mwenu, unachoweza kukishika na kukipima kwa futi kamba. Mimi napendekeza stuli ya jikoni yenye miguu 4. Umeikalia tangu utotoni, kwa hiyo ikikosewa jicho lako litaikataa kabla hujajua sababu.

Kabla ya stuli, tafuta mausi yenye gurudumu. Ile ya bei nafuu inatosha. Gurudumu ukilibonyeza na kuvuta, unaizunguka kazi yako. Ukilizungusha, unasogea karibu au mbali. Ukishika Shift huku umelibonyeza, unahama upande. Kwa kidole kwenye laptopu inawezekana, lakini utachoka upesi na lawama utaitupia programu. Kama kibodi yako haina zile namba za pembeni, nenda kwenye mapendeleo (Preferences), upande wa Input, uweke tiki kwenye Emulate Numpad. Baada ya hapo 1 inakuonyesha kitu kwa mbele, 3 kwa ubavuni, 7 kwa juu.

Na vitufe? Vipo vingi mpaka vinatisha, lakini kwa wiki ya kwanza nataka uvijue hivi: G kusogeza, R kuzungusha, S kukuza na kupunguza. Ukifuatisha herufi ya mhimili, X, Y au Z, kitu kinakwenda upande huo tu. Ukiandika na namba, kinakwenda kwa kipimo. G, Z, 1, Enta: kimepanda mita 1, hakuna kukisia. Na kabla hujaniandikia kwamba "vitufe havifanyi kazi", angalia mshale wa mausi uko wapi. Blender husikiliza dirisha ambalo mshale uko juu yake. Ukiuacha kwenye orodha ya pembeni ukabonyeza G, hakuna kitakachosogea, na hakuna kilichoharibika.

Ukiifungua utakuta mchemraba, kamera na taa. Watu wana desturi ya kuufuta mchemraba kwanza. Usiufute, huo ndio bao letu la kukalia. Kila upande wake una mita 2, kwa hiyo tunaupunguza. Bonyeza N, paneli itafunguka kuliani. Mahali palipoandikwa Dimensions weka 0.3, 0.3 na 0.03. Hapo una bao la sentimita 30 kwa 30, unene 3. Kwenye Location weka Z iwe 0.435, ili juu ya bao pafike sentimita 45 kutoka sakafuni. Kama stuli ya kwenu ina vipimo vingine, fuata hivyo, usinifuate mimi.

Hapa sasa nisikilize vizuri, maana ndipo machozi mengi huanzia. Bonyeza Ctrl na A, uchague Scale. Usipofanya hivyo, Blender itaendelea kukumbuka kwamba kile ni kitu cha mita 2 kilichokandamizwa, na kila utakachokifanya juu yake kitakandamizwa vilevile. Siku utakapotaka kuvunja ukali wa kingo, utabonyeza Ctrl na B, na kingo zitatoka upande mmoja nene, mwingine nyembamba. Utaapa kwamba laptopu ina jini. Haina jini, umesahau Ctrl na A.

Mguu: Shift na A, ongeza mchemraba mwingine, vipimo 0.04, 0.04 na 0.42. Location yake iwe X 0.13, Y 0.13, Z 0.21. Ctrl na A tena, Scale. Usitengeneze miguu mingine mitatu kwa mkono! Kuna modifaya, yaani nyongeza ya kubadilisha umbo, inaitwa Mirror. Iongeze kwenye mguu, weka tiki X na Y, na pale inapouliza ijitazame kwenye kitu gani, chagua bao. Miguu 4 itatokea. Ukiunenepesha mmoja, yote inanenepa. Seremala wangu, najua umetabasamu.

Sasa bonyeza Tab uingie ndani ya umbo. Humo kila kitu ni vipeo, kingo na nyuso. 1, 2 na 3 za juu ya kibodi ndizo zinakuchagulia unashika kipi, isipokuwa kama uliweka tiki kwenye Emulate Numpad, maana hapo zinabadilisha mwonekano. E inachomoa uso utoke nje. Mtego wake ni huu: ukibonyeza E kisha ukaghairi kwa kitufe cha kulia cha mausi, kilichoghairiwa ni mwendo tu. Vipeo vipya vimebaki palepale, vimelala juu ya vile vya zamani, huvioni. Baadaye umbo linatoa makunyanzi yasiyoeleweka. Ukighairi, piga na Ctrl Z. Kama umeshachelewa, bonyeza A kushika vyote, halafu M, uchague By Distance, vitaungana.

Wenye laptopu za zamani msikate tamaa. Kuunda umbo kama stuli hakuhitaji nguvu nyingi. Kinachokula mashine ni kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho. Matoleo ya sasa yanataka RAM ya GB 8 kwa uchache na kadi ya michoro isiyo kongwe sana. Toleo jipya likikataa kufunguka, matoleo ya nyuma bado yanapatikana bure kwenye tovuti yao. Ila jitahidi usishuke chini ya 2.8, la mwaka 2019, kwa sababu hapo sura yote ilibadilishwa na masomo mengi utakayoyakuta hayatafanana na unachokiona kwenye skrini.

Mdogo wangu unayesomea uhandisi, wewe nitakukatisha kidogo. Blender ni nzuri kwa kuonyesha kitu kinafananaje, lakini si chombo cha kuchorea nati na boliti, ambako leo unataka tundu la milimita 8 na kesho unabadilisha namba liwe 10. Chukua FreeCAD, nayo ni bure. Msanifu majengo, kwanza uliza chuo chako kinatumia nini, usije ukajifunza kitu kimoja nao wakasahihisha kingine. Seremala, Blender inakutosha kumwonyesha mteja kabati lake kabla hujagusa mbao, na hilo peke yake litakupunguzia yale ya "mimi sikusema hivi".

Stuli ikikamilika, ifunge faili, ifungue mpya, uitengeneze tena bila kusoma hapa. Mara ya pili ongeza ubao mmoja wa kuunganisha miguu, na mwingine wa nyuma, wa kuegemea, ili stuli iwe kiti. Kisha piga F12 upate picha. Itatoka na kiza upande mmoja na mng'ao mbaya upande wa pili. Iacheni hivyohivyo, taa tutaziongelea toleo lijalo.