Maana za Neno "Chombo"

Neno moja linapokuwa na maana kadhaa zinazohusiana, hali hiyo huitwa polisemia. Katika somo hili tunalichunguza neno *chombo*. Kwa baharia wa pwani, neno hili hutaja kwanza kitu cha kusafiria majini. Kwa mwanafunzi wa Ryansoro, katika milima ya Gitega, mbali na Ziwa Tanganyika, hutaja kwanza sahani na sufuria. Aidha, Kirundi humpa neno *ubwato* kwa kitu cha kusafiria majini, naye hatarajii kukikuta kitu hicho katika jina la vifaa vya jikoni.

Maana kuu ni tatu:

(a) Kifaa cha kutilia au kupikia: *Watoto wanaosha vyombo.*

(b) Kitu cha kusafiria: *Chombo kimetia nanga.* Maana hii imepanuka hadi nchi kavu na angani: *vyombo vya moto, chombo cha angani.*

(c) Taasisi au njia ya kutekelezea kazi: *vyombo vya habari, vyombo vya dola.*

Kiini cha maana zote ni kimoja: kitu kinachobeba kingine au kinachotumiwa kutimiza jambo.

Je, upatanisho wa kisarufi hutusaidia kuzitenga? Tulinganishe na neno *ndege*. Tunasema *ndege huyu ametua* kwa kiumbe, na *ndege hii imetua* kwa kitu cha kusafiria. Kiambishi kinatosha kubainisha. *Chombo* hubaki katika ngeli ya KI-VI kwa maana zote. Hivyo basi, tunategemea mambo mawili: kitenzi (*osha, pakulia, abiri, ng'oa nanga*) na kijalizo kinachofuata kihusishi -a (*cha kulia, cha majini, cha habari*).

Yote mawili yasipotosha, tunatazama sentensi iliyotangulia. Mfano: *Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Chombo hicho kilizamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, kikaopolewa mwaka 1924.* Hapa *chombo* ni jina la jumla linalorejelea *meli*, na kionyeshi *hicho* ndicho kinachounganisha.

Mwalimu asiridhike na maana ya kwanza. Mwanafunzi anayesikia redioni kwamba *chombo kimezama* akadhani ni bakuli lililotumbukia ndooni, hatatambua kwamba habari ile inahusu uhai wa watu. Tunapendekeza kila maana ifundishwe ndani ya sentensi kamili, kamwe si katika orodha ya maneno matupu.

Zoezi

1. Eleza maana ya *chombo* katika kila sentensi, ukitaja neno lililokuongoza:
 (i) Abiria wote wameshuka chomboni.
 (ii) Bunge ni chombo cha kutunga sheria.
 (iii) Chombo hiki kinavuja.

2. Sentensi (iii) ina utata. Iandike upya mara mbili, kila mara ikiwa na maana moja tu.

3. Fafanua methali: *Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.* Ni maana ipi ya neno iliyo msingi wake?