Nani atajua kama hujaamka?

Mdogo wangu uliyepata chumba chako cha kwanza cha kupanga, hongera sana. Najua umeshalipa kodi ya miezi sita, dalali naye amechukua chake, na sasa unatafuta hela ya kitanda. Kabla ya kitanda, badilisha kitasa. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa bado ana ufunguo. Ufunguo wa geti la nondo uuweke mahali pamoja ndani, unapoweza kuushika hata gizani, kwa sababu moto ukitokea hutakuwa na muda wa kuutafuta.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Wengi husubiri hadi benki iwadai barua ya utambulisho. Wewe usisubiri. Mjumbe akujue sura, nawe uwe na namba yake, maana mtu akitikisa dirisha lako usiku, mjumbe yuko mtaa huohuo. Polisi ni 112, Zimamoto ni 114.

Lakini mwizi siye anayeninyima usingizi nikikufikiria. Nawaza malaria ikikupanda usiku, au umeteleza bafuni huwezi kuinuka. Nani atagundua? Simu ya mama ya Jumapili iko mbali mno. Chagua watu wawili: jirani wa mlango wa pili, na rafiki au ndugu aliye mji huohuo. Mkubaliane kwamba kila asubuhi utawatumia ujumbe, hata wa neno moja. Ujumbe usipofika hadi saa nne, wapige simu. Usipopokea, mmoja aje agonge mlango. Ufunguo wa akiba akae nao huyo unayemwamini zaidi, usiufiche juu ya mlango.

Watu hao hawapatikani kwa kujifungia. Msalimie mama mwenye nyumba, chambua mboga yako uani na wenzako, pakiwa na msiba nenda ukakae, changia kidogo ulichonacho. Wapo wanaosema binti anayeishi peke yake hulinda heshima yake kwa kutozoeana na mtu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuwa na siri ni jambo jingine: bodaboda usiyemfahamu akushushe dukani, si mlangoni, na hana haja ya kujua unaishi na nani.

Nanyi mliopangiwa kazi Njombe au Mbeya, baridi ya Juni na Julai isiwafanye mlale na jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Hata ukiona majivu yamefunika juu, makaa ya chini bado yanatoa hewa hiyo. Toeni jiko nje, nunueni blanketi la pili.

Mdogo wangu, wale watu wawili usiwaache hadi wiki ijayo. Wapigie leo kabla hujalala.