Asilimia 20 ya Nini?
Wenzangu mnaofundisha tuisheni darasa la saba, faida na hasara ina mtego mmoja: asilimia huhesabiwa kwenye bei ya kununulia, siyo ya kuuzia.

Viatu vimeuzwa sh. 24,000 kwa faida ya 20%. Vilinunuliwa bei gani? Mtoto anatoa 20% ya 24,000, anapata 19,200. Mtunga mtihani mjanja keshaiweka hiyo kwenye majibu ya kuchagua, mtoto anatoka chumbani anacheka! Lakini kununua 19,200 na kuuza 24,000 ni faida ya 25%.

24,000 ni 120%. Gawanya kwa 120, zidisha kwa 100: 20,000. Ingekuwa hasara ya 20%, 24,000 ni 80%, basi vilinunuliwa 30,000.

Sasa wape hili: jozi zote mbili zimeuzwa pamoja. Muuzaji kapata au kapoteza? Katoa 50,000, kapokea 48,000.