Usidaiwe Cheti cha Ualimu, Wala Usishangilie Mapema

Barua imetoka Kitengela. Mama mmoja anaandika kwamba mwaka jana alimtoa mwanawe wa Gredi ya 4 shuleni. Mtoto ana kifafa, na kila alipoanguka darasani mwalimu mkuu alimpigia mama simu: “Njoo umchukue, anatisha wenzake.” Mama akachoka kuitwa. Akanunua vitabu vya mtaala, akatenga meza sebuleni, akawa anamfundisha mwenyewe kila asubuhi. Juzi naibu chifu akabisha hodi. Alifungua daftari la hesabu, akakuta mtoto anagawanya vizuri tu, akalifunga. Kisha akauliza: “Mama, nambari yako ya TSC ni ngapi?” Hakuwa nayo. Akaelezwa kwamba kufundisha bila kusomea ni kosa, faini laki moja au jela mwaka mmoja, ila mambo “yanaweza kuzungumzwa”.

Mama anauliza: je, ni lazima mzazi awe amesomea ualimu ndipo amfundishe mwanawe nyumbani? Tena jirani amemwelekeza kwa wakala anayeuza “kibali cha elimu ya nyumbani” kwa shilingi 15,000. Je, akinunue?

Hapana, na hapana. Lakini hapana hizi mbili zisikulaze usingizi, mama, maana hatari yako iko pahali pengine kabisa.

Tuanze na nambari ya TSC. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 inasema asiyesajiliwa kuwa mwalimu asijishughulishe na utumishi wa ualimu. Hiyo ni sheria ya kazi: inamhusu anayeajiriwa kufundisha watoto wa wenzake. Mzazi anayemfundisha mwanawe kugawanya hajaajiriwa na mtu. Hakuna kifungu katika sheria hiyo, wala katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachomtaka mzazi awe na cheti cha ualimu, diploma au digrii kabla ya kumfundisha mtoto wake. Faini ya laki moja na kifungo cha mwaka mmoja zipo kweli, ila hazikuwekwa kwa ajili ya mzazi asiye na cheti. Naibu chifu ameichukua adhabu ya kosa moja akaibandika kwenye kosa alilolibuni mwenyewe. Wengi wa ngazi hiyo hufanya hivyo, na si kwa kutojua. Adhabu yenye tarakimu hufungua mkoba haraka.

Sasa ngoja. Sheria haikudai cheti kwa sababu elimu ya nyumbani haimo katika sheria zetu hata kidogo. Kitu kisichotambuliwa hakiwekewi masharti. Soma kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi: kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, atahakikisha mtoto huyo anahudhuria shule mfululizo, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Asiyefanya hivyo anatenda kosa, na hapo ndipo zilipo ile laki moja na ule mwaka mmoja. Kifungu cha 31 kinakazia kwamba ni wajibu wa mzazi kumwandikisha mtoto katika taasisi ya elimu ya msingi. Hakimu hatakuuliza ulisomea wapi. Atakuuliza mtoto amesajiliwa wapi. Mama mwenye shahada ya uzamili katika elimu na mama aliyeishia darasa la nane watasimama kizimbani sawa, ikiwa watoto wao hawana shule.

Hili si la kinadharia. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Kakamega alikamatwa na kufikishwa katika mahakama ya Butali kwa kutowapeleka watoto wake shuleni, ilhali alikuwa akiwafundisha nyumbani. Suala la elimu ya nyumbani likapelekwa Mahakama Kuu, Nairobi, kwa hoja kwamba kumlazimisha mzazi kutumia shule pekee kunakiuka Katiba: uhuru wa dhamiri, hadhi ya familia, na mikataba ya kimataifa inayompa mzazi haki ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Basi anayekuambia mtandaoni kwamba “Katiba inaturuhusu” anakusomea hoja iliyoshindwa.

Kuna shimo la pili ambalo wazazi hawalioni mpaka mtoto afike Gredi ya 6. Zamani, enzi za KCPE, mtihani wa darasa la nane, mtoto aliyesomea nyumbani angeweza kutafutiwa kituo akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, na alama zake zikawa za mtihani ule tu. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Siku hizi alama za mtoto hukusanywa njiani. Katika matokeo ya Gredi ya 6, mtihani wa KPSEA ni asilimia 40. Zile 60 hutokana na tathmini za shuleni. Katika kupangiwa Sekondari Pevu, KPSEA huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Tathmini hizo hupakiwa na shule kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, wala si na mzazi. Mtoto wako anaweza kuwa hodari kuliko gredi nzima ya mtaa wenu, lakini asiyekuwa na shule hana wa kumpakia alama.

Ndiyo maana kile kibali cha shilingi 15,000 ni wizi. Hakuna ofisi ya serikali inayotoa kibali cha mzazi kufundisha nyumbani, kwa sababu hakuna sheria iliyoipa ofisi yoyote mamlaka hayo. Karatasi unayouziwa inaweza kuwa na nembo ya taifa, muhuri wa wino mwekundu na saini ya mtu anayejiita mkurugenzi. Ukiitoa mbele ya hakimu utakuwa umemkabidhi ushahidi wa maandishi kwamba mtoto haendi shule. Mawakala hawa wanawanyonya watu walewale ambao tayari wameumizwa na shule, wazazi wa watoto wanaougua, wanaoonewa darasani, wasioweza karo. Ukikutana nao, omba wakuonyeshe kifungu cha sheria kinachowapa uwezo huo. Utaona wanavyoharakisha kukata simu.

Jihadhari pia na huruma inayogeuka biashara. Majirani wakiona mwanao anaendelea vizuri, wataanza kukuletea wa kwao, kwanza kwa shukrani, halafu kwa mia tatu za wiki. Hapo umevuka mpaka. Tafsiri ya taasisi ya elimu katika Sheria ya 2013 ni pana mno: inagusa mahali popote panapotumika kufundishia, pote au sehemu tu, mfululizo au mara mojamoja. Sebule yenye watoto watano wa watu itahesabiwa kuwa shule isiyosajiliwa, na shule ya kibinafsi hulazimika kuajiri walimu waliosajiliwa. Sasa lile swali la nambari ya TSC, ambalo lilikuwa upuuzi jana, litakuwa halali kabisa leo.

Nirudi kwa barua, kwa sababu kuna mtu ndani yake ambaye naibu chifu hakumtembelea: mwalimu mkuu. Kifungu cha 34 cha sheria hiyohiyo kinakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa humo waziwazi. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima, na Ibara ya 54 inamlinda mwenye ulemavu asitengwe na taasisi za elimu. Shule inayomwita mama kila wiki aje amchukue mtoto imemfukuza mtoto huyo bila kuandika barua ya kumfukuza. Ujanja wenyewe ni huo. Hakuna barua, hakuna kosa, na mama anapochoka akamtoa mwenyewe, lawama zinahamia kwake. Serikali inakuja kumtisha aliyejeruhiwa, na aliyejeruhi anaendelea kupiga kengele ya saa mbili.

Kwa hiyo, mama, fanya hivi. Mwandikie mwalimu mkuu barua, ueleze tarehe ulizoitwa na maneno uliyoambiwa, na umtake ajibu kwa maandishi iwapo shule inamkataa mtoto kwa sababu ya kifafa. Chini ya Ibara ya 47, mtu anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Peleka nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuambiwa “iache hapo mezani”. Kisha mpeleke mtoto katika kituo cha EARC kilicho karibu nawe, vile vituo vya wizara vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum, upewe ripoti inayosema anafaa kuwekwa wapi na kwa msaada gani. Ripoti hiyo, pamoja na barua ya daktari, ina uzito kuliko vibali vyote vya mawakala.

Ukiona ni lazima mtoto asomee nyumbani kwa muda, hakikisha jina lake liko katika shule iliyosajiliwa, na kwamba mwalimu mkuu amekubali kwa maandishi mpango wa kazi za nyumbani na siku za kuja kufanyiwa tathmini. Hifadhi cheti cha kuzaliwa na nambari ya mwanafunzi. Wazazi wanaotumia mtaala wa kigeni, kama wa Cambridge, wajue kwamba mtoto akitaka kurudi katika mfumo wa hapa, vyeti vyake vitahitaji kulinganishwa, na kwamba mtaala wa nje haumwondolei mzazi wajibu wa kifungu cha 30.

Na naibu chifu akirudi? Mkaribishe, mwonyeshe ushahidi wa usajili na nakala za barua zako, mwombe jina lake na malalamiko kwa maandishi. Anaweza kuuliza na kuripoti. Faini hutozwa na mahakama, haitozwi mlangoni pako. Usimpe chochote. Sheria ya Hongo ya 2016 inamfunga anayetoa na anayepokea, na ukishampa mara moja utakuwa mshahara wake wa pili. Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Asiye na uwezo wa wakili aombe msaada wa kisheria wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au aende kwa shirika la Kituo cha Sheria.

Sheria yenyewe nayo haiwezi kupita bila kusemwa. Najua kwa nini iliandikwa kwa ukali. Kuna wasichana walioozwa, wavulana waliopewa fimbo za kuchunga, na watoto wanaoosha vyombo vya watu mjini huku wenzao wakisoma. Mlango wa elimu ya nyumbani ukifunguliwa holela, wa kwanza kuupita ni waajiri wa watoto. Hoja hiyo nzito siibezi. Ujerumani inakataza elimu ya nyumbani, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono katazo hilo mwaka 2006.

Lakini sheria yetu inapima kiti badala ya elimu. Mtoto anayesinzia katika darasa la watoto themanini yuko halali. Anayegawanya sebuleni ni ushahidi wa kosa. Na unafiki wake ulionekana mchana peupe: shule zilipofungwa Machi 2020, serikali yenyewe iliwaambia wazazi wasimamie masomo nyumbani kwa redio na televisheni, na wengi wa watoto hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Hakuna aliyeulizwa nambari ya TSC. Mtaala wa sasa nao umejengwa juu ya kazi za nyumbani zinazomtaka mzazi achore, apike na akate maboksi pamoja na mtoto.

Afrika Kusini wameonyesha njia ya katikati. Mzazi huomba kusajili elimu ya nyumbani kwa idara ya elimu ya mkoa. Hadaiwi cheti cha ualimu, lakini baada ya marekebisho ya sheria ya 2024 mtoto hupimwa na mtathmini mwenye sifa. Anayeficha mtoto ili amtumikishe hawezi kupita hapo, na mama wa Kitengela anapita. Kwetu hata Bunge halihitajiki. Kifungu cha 30 kimekwisha kumpa Waziri wa Elimu uwezo wa kuidhinisha taasisi nyingine zaidi ya shule. Angeweza kutoa kanuni inayomwezesha mtoto mgonjwa kuandikishwa chini ya shule ya jirani, apimwe huko na alama zake zipakiwe huko, huku akisomea kwao. Sheria hiyo iko tangu 2013. Kila mwaka kanuni hiyo isipoandikwa, manaibu chifu wa aina ile wanapata chai na mawakala wanachapisha vibali. Wazazi wenye malalamiko ya namna hii wamwandikie Waziri, na nakala waipeleke kwa mbunge wao na kwa kamati ya elimu ya Bunge la Kitaifa. Nao watake jibu la maandishi.