Dondoo Muhimu: Taa za Ziada kwa Pikapu Yenye Rada

Mwenye Toyota Hilux ya miaka hii iliyotiwa mitambo ya kumsaidia dereva, yampasa kabla ya kutoboa tundu lolote ajue kwamba rada aghalabu hukaa nyuma ya nembo ya mbele, na kamera juu ya kioo cha mbele, upande wa ndani. Mawimbi ya rada hupenya plastiki ya nembo, walakini chuma huyarudisha. Kwa hiyo taa, kishikizo chake, hata waya unaoning'inia, visikatize mbele yake, bali vikae pembeni, mbali na vihisio vya kuegeshea vilivyomo katika bampa.

Taa ya juu ya paa naihofia kuliko zote, kwa kuwa nuru yake hupiga boneti ikarudi kiooni, ikamsumbua dereva na kamera pamoja. Anayeihitaji kwa dhati aisogeze nyuma, hata ukingo wa paa uikinge boneti.

Umeme usichukuliwe katika waya wa taa kubwa, maana kompyuta ya gari huenda ikatambua badiliko la mkondo na kutangaza hitilafu. Waya utoke betrini, upite fyuzi iliyo karibu nayo, kisha rilei: taa za wati 120 kwa volti 12 huvuta ampea 10, na fyuzi ya ampea 15 yatosha.

Iwapo nembo au bampa ilifunguliwa, rada ipimwe upya karakanani kabla ya safari, kwani ikipinda kidogo tu, breki za dharura zaweza kushika pasipo sababu, au zisishike kabisa.